Nishikie Mpaka Nifike

Jumapili, 9 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri. Mgonjwa ameamka saa kumi na mbili, amekunywa uji vikombe viwili, amelowesha shuka moja. Hana homa.

Nimeandika hivyo kwa mazoea. Miaka thelathini na mmoja niliandika ripoti za zamu kule hospitali, Kitete, na mkono haujasahau, ingawa mgonjwa wa sasa ni mume wangu na wodi ni chumba chetu hapa Isevya, chenye bati linalovuja upande wa kabati. Daftari nimepewa na Mwanahawa, jirani yangu anayeshona nguo barazani kwake. Alinitupia mapajani jana. "Andika, shoga," akasema. "Usipoandika utapasuka, na mimi sina uzi wa kushonea watu."

Basi naandika. Mume wangu ni Erasmus, mwinjilisti mstaafu wa kanisa la Moraviani, mzaliwa wa Ipole. Kwa baiskeli alihubiri vijiji vyote vya upande wa Sikonge hadi tandiko likachukua umbo lake. Miaka minne iliyopita alianza kusahau. Kwanza funguo, kisha njia ya sokoni, kisha jina la binti yetu Tunu aliyeko Mwanza. Siku daktari alipotueleza ni ugonjwa gani, tulirudi nyumbani, na hapo mlangoni akanishika mkono. "Josepha," akasema, "nitakuja kumsahau hata Yeye. Siku hiyo wewe nishikie. Nishikie imani yangu mpaka nifike."

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayeombwa ashike kikapu.

Jumatatu, 10 Februari

Amekula. Amelala. Mvua.

Alhamisi, 13 Februari

Leo ameamka akitafuta mzigo wake. Amepapasa chini ya kitanda, nyuma ya mlango, akaniuliza mnyapara yuko wapi, maana wenzake wanaondoka. Babu yake alikuwa mpagazi enzi za misafara, mtu wa kubeba pembe hadi pwani na kurudi na nguo, naye alimfundisha mjukuu vituo vya njia kama watoto wa leo wanavyofundishwa herufi. Sasa maneno yote ya Erasmus yamekimbia, vituo vimebaki.

Nilimpa mto aubebe begani. Alitembea nao kutoka dirishani hadi mlangoni, polepole, akiinama kana kwamba matawi yako juu yake. Jioni akautua. "Leo tumelala Kigwa," akaniambia. Macho yake yalikuwa yanatazama mbali mno, na kwa kitambo nami nilisikia miguu ya watu wengi ikipita nje kwenye matope. Ilikuwa mvua.

Jumanne, 18 Februari

Bado Kigwa. Ugali kidogo, mlenda mwingi.

Jumapili, 23 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilimpeleka kanisani kama kila Jumapili, nikamkalisha pembeni. Kabla ya mahubiri, watu wote wametulia, akasimama. Mkono wa kulia aliuinua, vidole vimebana kitu kisichoonekana, na mkono wa kushoto ukawa unakipapasa taratibu kwa urefu wake. Akaimba. Sauti ilikuwa nzuri, ya kijana. Maneno ya Kinyamwezi cha ndani ambacho mimi, mtu wa kutoka Ufipa, sikukielewa hata kidogo. Wanakwaya walitabasamu. Lakini mzee mmoja wa kanisa, mzaliwa wa Sikonge, alibadilika rangi.

Nje baada ya ibada aliniita pembeni. "Mama, unajua ule wimbo ni wa nani?"

"Sijui."

"Ni wa Wayeye."

Wayeye ni chama cha wacheza na nyoka. Wana dawa yao, wana viapo vyao, na mwenzao akifa huja kumzika kwa namna yao. Nilijua kwamba Erasmus alizaliwa humo. Baba yake alikuwa mkubwa wao, na yeye na pacha wake walichanjwa wakiwa wadogo, alama ziko kwenye vifundo vya mikono. Alitoka humo akiwa na miaka ishirini na miwili, akabatizwa, na tangu hapo sikuwahi kumsikia akiimba wimbo wao hata akioga.

Miaka hamsini na tano! Na leo umetoka mbele ya meza ya Bwana. Nimeogopa kweli. Nilimwahidi kumshikia, na kitu kinamvuta kutoka upande wa pili.

Jumatatu, 24 Februari

Nimepekua sanduku lake la bati, lile la chini ya kitanda. Tumezaa pamoja, tumezeeka pamoja, sikuwahi kulifungua.

Chini kabisa, chini ya kitabu cha nyimbo na pampu ya baiskeli, palikuwa na kitambaa cha koti lake la kwanza la uinjilisti, na ndani ya kitambaa kibuyu kidogo cha kutosha kiganjani, chenye shanga shingoni, kimezibwa kwa gunzi. Nilikitikisa. Kilikuwa na unga.

Dawa ya nyoka. Mume wangu mwinjilisti, mikutano yote ile, batizo zote zile, na dawa iko chini ya kitanda changu.

Sikumuuliza, angenijibu nini? Nilikitia kwenye jiko la mkaa, kikalia pwaa, kikatoa moshi wa manjano, nikakemea kwa jina la Yesu huku nikikohoa. Majivu nimeyamwaga nyuma, kwenye shina la boga. Erasmus alikuwa dirishani na mto wake. "Wamewasha moto wa kambi," akasema kwa furaha.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Alfajiri nasikia sufuria za Mwanahawa akiandaa daku, nami niko macho namgeuza mgonjwa. Tunakoholeana ukutani kusalimiana.

Sikumpeleka kanisani. Nimesema ana mafua.

Erasmus: Rubuga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesoma habari za wanawali kumi. Zamani nilizipenda. Leo nimekasirikia wale watano wenye busara. Wenzao wanaomba mafuta, taa zinazimika, na wao wanasema hapana, hayatatutosha. Basi ahadi yangu ni ya nini? Kama mafuta hayagawiki, mimi nimemshikia Erasmus kitu gani miaka minne hii?

Mwanahawa alileta futari, bakuli la tambi na magimbi, kabla yeye mwenyewe hajafungua. Nilimwuliza, kwao mgonjwa asiyeweza kufunga inakuwaje.

"Asiyetarajiwa kupona? Analishiwa masikini. Kila siku moja, mtu mmoja."

"Na kama amesahau hata kwamba kuna kufunga?"

Akanisogezea bakuli. "Dada Josepha, aliyesahau ni yeye. Mola naye kasahau? Mungu si Athumani. Kula magimbi."

Nilikula. Lakini moyo haukutulia.

Jumatano, 12 Machi

Doto amekuja.

Erasmus alizaliwa akiitwa Kulwa, na huyu ndiye pacha wake, Doto, aliyebaki Ipole, akabaki na Wayeye, akarithi kiti cha baba yao. Nimemwona mara nne katika ndoa yangu yote. Saa tano asubuhi nikasikia salamu ya Kinyamwezi mlangoni, "Mwangaluka!", nikatoka, nikamwona mume wangu amesimama nje kwenye manyunyu, kalowa, kashika dumu la asali. Uso uleule. Nusura nimwulize ametokaje.

"Shikamoo shemeji," nikasema.

"Marahaba. Nimesikia ameimba."

Kumbe habari imefika porini kabla ya mvua kukatika. Nikamkaribisha, nikampa kiti, na kabla ya chai kupoa akasema, "Nimekuja kumchukua Kulwa."

"Hapa hakuna Kulwa, shemeji. Yuko Erasmus."

"Tulilala tumbo moja kabla wewe na Yesu wako hamjamjua."

"Yesu alimjua kabla ya hilo tumbo."

Akacheka, kicheko cha mume wangu kilekile, hata kikohozi cha mwisho. Nikamchukia kwa hilo. Akasema mtu akizeeka hurudi alikotoka, wimbo umerudi, mwili nao urudi. Kwao kuna watu wa kumwimbia. Nikamwambia mume wangu aliapa mara moja na hakutengua, na mimi sitampeleka kufia mikononi mwa nyoka.

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Erasmus akasimama na mto wake begani. Tangu Krismasi hajanitaja jina. Ananiita mama, nesi, au wewe. Akamtazama yule mzee na dumu lake, uso ukamfunguka wote.

"Doto," akasema. "Umechelewa. Tunaelekea Tura."

Nilikwenda jikoni kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Nina wivu, Bwana. Naandika ili nisijifiche.

Jumamosi, 15 Machi

Doto hajaondoka. Analala kwenye benchi la sebuleni. Anasema atangoja.

Nami naweka kiti changu kati ya mlango wa chumba na benchi lake, kama askari magereza. Sikuwahi kusinzia zamu hata moja katika miaka thelathini na mmoja, sembuse sasa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Erasmus hajambo. Doto anamlisha kwa mkono, naye anakula kuliko ninapomlisha mimi.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi, nikipepeta mchele, Doto alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Shemeji, kuna kibuyu changu humu ndani."

Niliacha kupepeta. "Chako?"

"Changu. Kidogo, kina shanga. Nilimpa mwaka sabini na nne."

Akaeleza polepole, akiutazama mchele. Mwaka ule alitaka kumfuata ndugu yake. Aliingia darasa la ubatizo, wiki baada ya wiki, hakuna aliyejua kwao. Akampa Erasmus dawa yake. "Nikamwambia, nishikie. Siku ya ubatizo tutaizika pamoja, wewe na mimi. Wiki ya mwisho baba akaanguka, wakaniita, nikaenda. Nikakaa."

"Na yeye?"

"Kila mwaka mara moja anakuja na baiskeli. Hahubiri. Anakunywa maji, anachukua asali, na wakati wa kuondoka ananiambia, 'Bado nimekushikia.' Basi. Nikadhani ananitania."

Mimi nilidhani anafuata asali! Miaka yote ile nilimnung'unikia, kilomita zote zile kwa ajili ya dumu moja, kwani sokoni hakuna?

"Na wimbo?" nikauliza. "Ule alioimba kanisani?"

"Ule ni wa porini. Mwenzenu akibaki nyuma, mnasimama mnamwimbia mpaka afike."

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia yote, jiko, moshi, majivu, na jina la Yesu nililolitumia kama ufagio. Sikupunguza kitu. Doto aliinuka. Aliomba nimwonyeshe mahali. Tulisimama nyuma ya nyumba kwenye manyunyu, na pale nilipomwaga majivu boga lilikuwa limetambaa hadi ukutani, majani mapana, maua ya manjano. Hapakuwa na kitu cha kuona.

"Nisamehe, shemeji."

"Tulitaka tuizike wawili," akasema. Kisha akashika barabara bila kofia, na hakurudi hadi jioni.

Nimekaa hapa naandika na aibu imenijaa. Nilidhani nalinda imani ya Erasmus. Imani ya Erasmus ilikuwa chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye kitambaa, inamngoja mtu, na mimi nikaichoma.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Pilau ya Mwanahawa. Erasmus amekula matonge mawili, amesema hapa Tura wapishi ni wazuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Doto hajataja tena kumchukua. Hajataja kuondoka pia. Tunaongea mambo ya chumvi na mkaa.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Mitende. Kuanzia leo, kwetu Moraviani, kila jioni ni masomo ya juma la mateso. Nimesoma kwa sauti kando ya kitanda. Doto alikaa benchini kwake, mgongo umetugeukia, ila hakukohoa hata mara moja.

Erasmus ameacha kutembea. Mto uko kifuani. Anasema baada ya Tura ni Mgunda Mkali, nyika ndefu, hakuna maji, na wengi hutupa mizigo hapo.

Jumatano, 16 Aprili

Anakataa chakula. Mapigo ni dhaifu. Nimemwambia Tunu aje. Anasema njia imekatika kwa mvua.

Tumesoma habari za bustanini, jinsi wale wanafunzi watatu wa Yesu walivyolala. Nikawaona wazembe, kama ninavyowaona kila mwaka. Saa moja tu!

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Maji kwa kijiko.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho kabla ya jua tunakwenda makaburini, kama kila Pasaka. Waumini husimama kati ya marehemu wao, mashariki ikianza kupauka, mchungaji hutoa salamu na wote huijibu. Erasmus hajakosa hata mwaka mmoja. Mwaka huu hawezi. Nitakwenda mimi, nitaitikia kwa niaba yake. Hilo angalau naweza kumshikia. Nimetega simu saa kumi na nusu. Kiti changu kiko palepale. Sitalala.

Jumapili, 20 Aprili. PASAKA

Nililala.

Umeme ulikatika usiku, simu ikazimika, nami nikazimika pamoja nayo, kitini, kichwa kimeanguka kifuani. Niliota niko kwenye njia ndefu ya mchanga mweupe, watu wanapita na mizigo, wengi, hawana haraka. Mimi nimeketi kando nawahesabu na nimepoteza hesabu. Mmoja akatoka kwenye mstari, akaniinamia, akanigusa bega.

"Josepha."

Nikafumbua macho. Gizagiza. Mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu kwa miguu yake. Koti la uinjilisti amelivaa nje ndani, juu ya msuli. Kiatu kimoja.

"Josepha," akasema tena, jina langu, zima, kama alivyolitaja siku ya harusi. "Amka. Wenzako wamekwishatangulia."

Nililia tu. Yeye akawa ananihimiza, akinipapasa shavu, haya, haya, kunakucha. Doto aliinuka benchini, akatuangalia. Alikwenda ukumbini akatoa ile baiskeli ya zamani, akajaza matairi upepo kwa pampu ya kwenye sanduku, akampakia ndugu yake kwenye keria. Yeye alisukuma, mimi nilimshika Erasmus mgongoni, na tukapita barabara za Isevya kwenye tope na ukungu. Mwanahawa alikuwa anatoka kuchota maji. Aliweka ndoo chini, akasema, "Nendeni, nendeni!"

Tulifika makaburini, mashariki imeanza kupauka. Doto akasimama getini. Hakuingia. Nikamshusha Erasmus, nikamwegemeza begani kwangu, na mchungaji akapaza sauti kwamba Bwana amefufuka. Mimi nilifungua mdomo ili niitikie kwa niaba yake, kama nilivyojipangia. Hakuningoja. "Amefufuka kweli kweli!" akasema, kabla ya watu wote, na walipomaliza wote yeye akarudia peke yake. Nyuma yangu, getini, nilisikia mtu akipenga kamasi.

Nimefungua tena habari za wanawali. Miaka sitini nazisoma na sikuwahi kuona: wote walisinzia. Wote kumi, hata wenye busara. Na mafuta ya Erasmus hayakuwa kwangu kamwe. Aliyashika Mwingine, aliyetushika sote wawili, na aliponiona nimelala akamtuma huyu asiyejua siku wala mwezi aje aniamshe.

Alhamisi, 24 Aprili

Mume wangu amefariki leo saa sita na nusu mchana.

Sikuwapo. Nilikwenda dukani kununua sukari, dakika ishirini. Zamu zote zile, na hiyo ndiyo niliyoikosa. Nililia kwa hasira kwanza, huzuni ikaja baadaye.

Doto alikuwa amemshika. Anasema Erasmus aliuliza, "Tumefika wapi?" Naye hakujua aseme kituo gani, akamwambia, "Umefika." Erasmus akauachia mto.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumezika. Tunu aliwahi. Watu wa Ipole walikuja na lori, na wakubwa wa Wayeye wakataka kuongea. Doto aliongea nao nje, si kwa muda mrefu. Nilisikia sentensi moja ya Kiswahili: "Huyu ana wenzake wa kumzika." Wakaingia, wakakaa na waombolezaji wengine, wakala wali.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imeisha. Upepo umegeuka, asubuhi zina baridi. Tunu amerudi Mwanza. Boga moja limekomaa, Mwanahawa amelipika kwa nazi akatuletea.

Doto bado yuko. Amepanda juu ameziba bati lile linalovuja, sasa mvua imekwisha, nikamtania kwamba Wanyamwezi ni watu wa kuwahi sana. Akasema, "Sisi huwa tunachelewa, shemeji. Ila tunafika."

Jioni hii nilisoma sura yangu kwa sauti, maana nimezoea kuwa na msikilizaji. Nilipofunga kitabu nilidhani amelala pale benchini, kanga imefunika uso. Nikazima taa. Nikiwa mlangoni kwangu akasema kwenye giza, bila kufunua kanga:

"Shemeji. Kesho ukiamka kwenda kanisani, niamshe na mimi."

Nimemwambia nitamwamsha. Simu nimeichaji tangu saa kumi.